Kesho Nashuka Ziwani

Mawengi, jioni

Mdogo wangu Neema,

Nawasalimu wewe na wanao hapo Mahongole. Huku ukungu hautoki, na wifi Skola ananilisha viazi kama mgonjwa aliyeruhusiwa leo kutoka hospitali ya Ikonda.

Kesho alfajiri tunashuka Lupingu tukalione Ziwa Nyasa, tule samaki mbasa waliotoka kuvuliwa ufukweni, jioni turudi. Nilikuwa nafunga mzigo nimevaa koti la marehemu mume wangu, kama kila siku tangu tulipomzika. Wifi akanitazama.

“Wifi, unaenda ziwani au kuchuma chai? Kule chini ni joto, hilo koti litakuchemsha!”

Tukacheka sote. Kisha akasema taratibu, “Kaka yangu mwenyewe angelivua.”

Ni kweli, Neema. Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa akivua viatu hata akiona kijito? Basi nimelitundika mlangoni, na sasa nakuandikia nimejifunika khanga ya wifi. Baridi ipo, lakini sijalia.

Nitawaletea dagaa wa usipa wakavu. Wasalimie watoto, uwaambie mama yao mkubwa kesho ataingia majini mpaka magotini.

Dada yako,
Atu