Upepo wa Robo Saa

3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na kazi ya kutengeneza saa inakwenda. Mimi mzima, ila usingizi haba.

Juzi ndege ya kutoka huko kwenu ilinitia jasho. Ubao wetu hapa uwanjani unasema safari ni dakika arobaini. Zilipopita, mama mmoja aliyekuja kumpokea mwanawe alianza kulia. Watu wakamzunguka, kisha wote wakanitazama mimi. Ilitua dakika ya hamsini na tano, salama salimini.

Nikapekua kumbukumbu za marubani. Kuja huku ndege hukutana na upepo usoni, na karibu kila siku huchukua hamsini na tano. Arobaini ni za kurudi. Nilimwomba mkuu turekebishe ubao, akacheka. "Umbali ni uleule, binti. Ukigeuka nyuma barabara inarefuka?" Halafu akanikumbusha kwamba mwisho wa mwezi yeye ndiye atakayeamua kama naajiriwa au narudi nyumbani.

Ninyamaze, Baba?

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, na tarehe thelathini nakuja kukuona. Majirani ndio hawana raha, maana kila mteja nampa habari zako kabla sijafungua saa yake. Mshona viatu amesema nikitaja tena uwanja wa ndege atahamisha kibanda.

Huyo mkuu wako hajawahi kuendesha baiskeli kwenye upepo? Lakini sitakuamulia. Kazi ni yako, na hofu ni yako. Nakuuliza moja tu: yule mama akija tena, utamtazamaje?

Baba yako

24 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Nisamehe kwa ukimya.

Nimebadilisha ubao, sasa unasema kuja huku ni hamsini na tano. Kwa hofu maandishi ya kwanza hayakusomeka, nikafuta, nikaandika upya. Nilipomsikia mkuu nyuma yangu nilijua kibarua kimeota nyasi.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, mzee." Nikampa zile kumbukumbu.

Alizisoma zote, mwisho akasema, "Ukikosea, ni juu yako." Ubao upo mpaka leo. Kuhusu kazi hajatamka neno.

Unasema unakuja tarehe thelathini. Tafadhali panda basi.

Mwanao

30 Juni, angani

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa mkanda umenibana tumbo. La basi nililisikia vizuri, nikaenda kukata tiketi ya ndege. Jirani yangu hapa nimeshamweleza ni nani aliyeandika muda wa safari hii. Sasa anajifanya amelala.

Dakika ya arobaini imepita hivi punde, na chini ni mawingu matupu. Hapa ndipo yule mama alipoanza kulia. Najua umesimama mlangoni, na unatazama saa kila dakika, hivyo ndivyo ulivyo. Lakini uliogopa na bado ukaandika. Mkuu wako anaamua leo. Aamue atakavyo, mimi nitashuka kifua mbele.

Barua hii nitakupa mkononi. Tumeanza kuteremka. Hamsini na nne. Naona paa la ofisi yenu, na watu uzioni. Hakuna anayehangaika. Wamesimama tu, wanasubiri.

Baba yako