Bustani Isiyozidi Goti

Jumatatu, 4 Julai 1955

Ndoo mbili leo kutoka kichinjioni. Shemeji Athumani ameniachia majani yote ya tumboni mwa fahali, yamesagika na bado yana moto. Nimeyafukia karibu na mashina ya maboga na kufunika kwa nyasi kavu. Jirani anaziba pua. Azibe tu, boga likiiva atakuja na sahani. Tulipohamia hapa Embu na marehemu mume wangu Juma, udongo huu ulikuwa mgumu hata jembe lilirudi juu. Sasa nauchimba kwa mkono.

Nyuki wako kwenye mrehani tangu asubuhi.

Jumatano, 6 Julai

Tumeitwa barazani. Amri ya Bwana Shauri, mzungu wa ofisini: nyua zote za mtaa wetu wa Majengo zinazopakana na barabara, chochote kinachozidi goti kikatwe, ili walinzi kwenye ngome waone mpaka kwenye handaki, watu wa msituni wasipate pa kujificha. Mwisho Jumamosi ya wiki ijayo. Atakayekaidi, nyumba yake itabomolewa.

Uwanja wangu ndio wa mwisho kabla ya barabara. Nina migomba minne, njahi, yale maharagwe meusi, juu ya vijiti, na mti wa mkinduri. Juu ya mkinduri kuna mzinga wa gogo alioutundika Juma mwaka mmoja kabla ya kufa. Kabla ya mzinga ule maua ya maboga yalikuwa yanapukutika tu, boga moja kwa shina, ukibahatika.

Nimekasirika, chai nimeimwaga.

Ijumaa, 8 Julai

Kila mtu anajua mzinga huhamishwa gizani, nyuki wakiwa wamerudi wote. Lakini giza lina kafyu, hakuna kutoka nje. Nikasema adhuhuri itatosha. Athumani amekuja na kamba yake ya kuinulia ng'ombe na kapi lake, tumeuteremsha, tumeupeleka nyuma ya jiko, nyasi na mrehani zimeuficha.

Saa kumi jioni nyuki waliokuwa malishoni wamerudi kwenye tawi tupu. Wamejikusanya pale, fungu kubwa kama kichwa cha mbuzi. Filimbi ya kafyu imelia nikiwatazama. Nimeingia ndani. Ningefanya nini?

Jumamosi, 9 Julai

Ukungu na baridi. Chini ya mti nimeokota nyuki waliokufa, viganja viwili vimejaa. Niliyewaua ni mimi, si Bwana Shauri. Nimelia, halafu nimejitukana.

Mzee Ireri, yule Mmbeere muuza asali, amepita akielekea sokoni na kipande chake cha ruhusa shingoni. Amecheka kwanza, nikataka kumpiga. Kisha akanieleza: "Nyuki haijui mzinga, mama. Inajua mahali. Rudisha juu leo leo. Halafu shusha kipimo cha mkono mmoja, mkono mmoja kila siku, hapo hapo chini ya tawi. Itafuata tu."

Tumeurudisha juu. Kutoka pale ulipo mpaka gotini ni mikono saba. Siku ni saba nikihesabu ya kesho na Jumamosi yenyewe. Hakuna ya kuchezea.

Jumapili, 10 Julai

Mkono mmoja. Wamezunguka kidogo, wameingia.

Jumatatu, 11 Julai

Wa pili. Migomba nimeikata mwenyewe, sitaki panga la mtu mwingine. Nimepasua mashina na kuyalaza juu ya udongo. Yataoza, maboga yatakula. Njahi nimeng'oa vijiti na kuzilaza chini pamoja na maua yake. Zitambae.

Alhamisi, 14 Julai

Wa tano. Athumani ameumwa sikioni, limevimba, mke wake amenilaumu mimi. Nimewapelekea njahi za kukaanga. Hakuna aliyesema asante, ila bakuli limerudi tupu.

Ijumaa, 15 Julai

Wa sita. Nyaga amepita na fimbo, wenzake nyuma yake. Sasa ni hombagadi, mlinzi wa serikali pale ngomeni; zamani alikuwa anakuja kichinjioni kumwomba Juma mifupa ya supu. Amepimia fimbo kwenye goti langu na kuitia alama. Mimi ni mfupi. Nimemwuliza kwenye amri wameandika goti la nani. Nimemshika mguu na kumpimia goti lake mwenyewe, alama ikapanda vidole vinne. Wenzake wamecheka na yeye akacheka. Kesho saa moja asubuhi, kasema.

Jumamosi, 16 Julai

Kafyu imeisha saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika moja nilikuwa kwenye kamba. Mkono wa saba. Mzinga umekaa juu ya mawe mawili, mdomo unatazama kule kule ulikotazama siku zote.

Nyaga amekuja na watu wa misumeno na karani mwenye daftari. Amepima njahi. Amepima mrehani. Mzinga ameupimia mbali, mkono umenyooka, kichwa kimegeuka. Haukufika alama.

Mkinduri wameuangusha upande wa barabara. Kisiki kimebaki kirefu mpaka kiunoni kwangu. Nyaga ameamuru kikatwe chini. Hakuna aliyekubali kuinama na msumeno karibu na mdomo wa mzinga. Wamenitazama mimi. Nami nimewaambia msumeno wangu umevunjika, na tena sijawahi kuwa na msumeno.

"Andika imekatwa," Nyaga akamwambia karani. Ikaandikwa.

Jumapili, 25 Septemba

Maboga kumi na moja. Moja limekwenda kwa jirani, na sahani yake.

Njahi zimekauka, nimeyaacha majani yake hapo hapo yaliponyauka. Udongo chini yake una unyevu, na mvua bado.

Kisiki cha mkinduri kimechipua matawi matatu. Moja limenipita kichwa. Nyaga amepita asubuhi, ametazama, amesema habari za asubuhi, Mama Zena. Nzuri, nimemjibu, nikaendelea kumwagilia.