Sanduku la Kampala Bado Linakuja

Baba,

Nakuandikia nikiwa mezani pako, kwenye chumba cha vitabu hapa ukumbi wa Kaloleni. Miezi saba imepita tangu tukuzike, na kuna jambo siwezi kulimeza wala kulitema.

Ulipofariki, sanduku la vitabu kutoka Kampala lilikuwa njiani. Lilifika stesheni tukiwa bado matangani. Ndani mlikuwa na barua ya Bwana Lubega, mtunza vitabu mwenzako wa huko, akikujulia hali kama kawaida yake. Ulizoea kusema kwamba mpango wenu wa kuazimana vitabu, wewe, yeye na yule mwenzenu wa Tanga, hauna karatasi ya serikali. Unasimama kwa sababu mnaaminiana. Niliogopa. Nikadhani wakijua umekufa sanduku halitakuja tena, na makarani wa reli wanaosomea mitihani yao hapa watabaki na magazeti ya zamani. Basi nikamjibu kwa jina lako, kwamba u mzima. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu.

Jumanne iliyopita alikuja mwenyewe. Mzee mfupi, kanzu nyeupe na koti juu yake, kibali cha Wazungu cha kuingia mjini bado mkononi. Alisema watunza vitabu wa nchi zetu tatu wameitwa mkutanoni hapa Nairobi, naye hakutaka kurudi kwao bila kukuona, maana miaka yote hiyo hamkuwahi kuonana. Alikuwa anatabasamu. Nikamwambia kwamba tumekuzika.

Alikaa kwenye benchi. Kisha akauliza, "Sasa mimi nimekuwa nikizungumza na nani?"

"Na mimi, Mzee."

Nilingoja anigombeze. Badala yake akanieleza kwamba miaka yako miwili ya mwisho mistari ya barua zako ilikuwa inapandana, na herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto. Ulimwambia macho yanakufa, ukamsihi asimwambie mtu usije ukaondolewa kazini. Halafu zikaja barua zangu, zimenyooka.

"Nilifurahi," alisema. "Niliwaambia nyumbani, macho ya rafiki yangu yamepona."

Baba, hapo ndipo nilipopotea. Miaka miwili ile, kila baada ya magharibi, ulinipa gazeti ukasema, "Nisomee, Zaituni, sauti yako inanipumzisha." Nikajiona mtoto anayependwa. Kumbe ulikuwa huoni? Au yote mawili yalikuwa kweli? Ulipokuwa ukipapasa migongo ya vitabu kabla ya kutoa kimoja, nilidhani ni mapenzi tu. Na siku ile ulipomimina chai nje ya kikombe, nilikucheka. Nilikucheka, Baba. Kwa nini umwambie mtu wa Kampala, usiyemjua hata sura, na mimi ninayelala chumba cha pili usiniambie? Nakasirika. Halafu naona haya, kwani na mimi nilimdanganya mzee wa watu.

Bwana Lubega alifungua daftari la sanduku, lenye majina ya wanaolipokea, akaniambia niandike jina langu mahali pa jina lako. Nilisita. Akangoja mpaka nikaandika. Kisha akaomba nimpeleke makaburini. Aliomba dua ndefu, nami nikasimama nyuma yake. Sijui kama amenisamehe. Wakati wa kuagana alisema tu kwamba sanduku litaondoka Kampala mwezi ujao.

Pumzika, Baba, Mwenyezi Mungu akurehemu. Nakuahidi leo hii namwandikia yule wa Tanga, ambaye bado hajui umefariki, kwa jina langu, ukweli wote, hata kama atajitoa. Ama kuhusu macho yako, bado sijui nikusamehe au nikuombe radhi. Ijumaa nitakuja kaburini hivyo hivyo, nikiwa sijui.

Mwanao,
Zaituni