Jiwe la Kijani Lililokula Jiwe la Mama

Marahaba, mjukuu wangu Stela. Babu yako hajambo, na kahawa imejaa vichanjani. Umeniuliza kama lile jiwe la kijani ninalovaa shingoni ni madini ya thamani. Swali hilo limenifurahisha mpaka mkono unashindwa kufuatana na maneno.

Nililiokota hapa Maguu nikiwa msichana, nikichimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Likilowa liling'aa kama jani changa la mgomba, likikauka likafifia. Mnunuzi wa madini pale Mbinga alilitazama mara moja tu akanirudishia.

"Binti, huu ni mwamba wa kawaida."

Sikukubali. Kila mama alipokwenda shambani, nililisugua kwa mchanga na maji juu ya jiwe lake la kusagia mahindi. Wiki kadhaa tulikula ugali wenye mchanga.

Siku moja mama alipitisha kidole kwenye jiwe lake akakuta mfereji. Nikamletea langu. Akaligeuzageuza juani, kavu kabisa, nalo linang'aa.

"Limekula jiwe langu, lenyewe halijaisha," akasema. Nikangoja kofi. "Litafutie waya. Jumapili nitalivaa mimi kanisani."

Akalivaa mpaka alipofariki.

Kwa hiyo hapana, Stela, si madini ya thamani. Nimelifunga humu ndani ya bahasha. Usililoweshe. Litazame likiwa kavu.

Bibi yako, Anselma