Ti ya Juu

Jumanne, 11 Machi 2003

Laiti nisingetaja kijiko. Jina nililificha, mji nikauficha, nikawauliza walimu wenzangu wa muziki kwenye lile baraza la intaneti: mwalimu asiyesikia tena sauti za juu afanyeje? Halafu, mjinga mimi, nikaongeza kwamba mimi hugonga mapigo kwa kijiko juu ya sufuria.

Leo pale kafe ya intaneti nimekuta jibu. "Shikamoo Mwalimu. Kijiko hicho nakijua! Mimi Agnesi wa Kinole, mwanafunzi wako wa zamani. Usihuzunike, hata enzi zetu ulikuwa husikii vizuri. 'Ti' ya juu, ile noti ya saba, tulikuwa tunaishusha kidogo, maana tukiiimba sawasawa ulitukaripia."

Nimefunga ukurasa upesi, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Naogopa. Wazazi wakisikia, watawapeleka watoto kwenye zile shule mpya za binafsi. Tangu nikimbie kwetu, mji huu haujawahi kuniuliza mimi ni wa wapi. Unaniita Mwalimu, basi. Nikikosa hilo...

Jioni Neema, mdogo kuliko wanafunzi wangu wote, aliimba ngazi nzima ya noti, kuanzia 'do'. Alipofika karibu na "ti" alisita, akanitazama usoni kwanza, ndipo akaimba. Kama aliishusha au la, sikuweza kusikia.

Nikamwambia, vizuri sana.