Nilifua Vazi la Mwisho la Mama Mkwe

Mama Chizuru mpendwa,

Ninakusoma gazetini kila Jumapili na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, lakini nina jambo ambalo haliniachi hata nikiwa kazini, na msimu wa mvua ukikatika litafichuka lenyewe, kwa hiyo naomba unishike mkono kabla ya hapo.

Naishi mjini Imabari na mume wangu Yoshinari pamoja na mama yake, Mama Fusae, ambaye sasa ana miaka themanini na ndiye aliyenilea zaidi kuliko nilivyolelewa kwetu, maana mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni, na huyu ndiye aliyenifundisha kupika, kuwawekea marehemu wali wa kwanza wa asubuhi kwenye madhabahu ya nyumbani kabla ya walio hai kugusa chochote, na kunyamaza mtu mwingine akiwa na hasira. Alipofiwa na baba mkwe alianza kuzunguka mahekalu themanini na manane ya kisiwa chetu kwa miguu, kipande kwa kipande, kila majira ya kuchipua na kila vuli, mpaka akamaliza, na goti lake la kulia halijawa zima tangu hapo. Alikuwa na mavazi meupe mawili, moja la kuvaa njiani, na jingine ambalo halivaliwi bali hubebwa tu ili kila hekalu ligonge muhuri wake mwekundu juu yake, na hilo la pili ndilo atakalovikwa siku ya kulazwa katika jeneza.

Mwezi Machi, katika juma la kuwakumbuka wafu, alilichukua akawaonyeshe wenzake wa kikundi cha nyimbo za hija, na wakati wa kurudi akalikunjia ndani ya lile la njiani ili lisiingie mikunjo, akafika nyumbani amechoka, akajilaza, nami nikaona bonge la nguo nyeupe lenye tope kwenye pindo nikalitia kwenye mashine bila kulikunjua, kwa maji ya moto, sabuni na dawa ya kung'arisha. Mama Chizuru, mimi nafanya kazi katika kiwanda cha taulo, kitengo cha kupima kama rangi inachuja. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Mihuri mingine imefutika kabisa, mingine imebaki madoa ya waridi kama kidevu cha mtoto aliyekula tikiti maji. Nililikausha, nikalipiga pasi, nikalirudisha katika sanduku lake la mbao, na jioni aliponiuliza, "Kanae, lile vazi langu umelihifadhi?" nikajibu, "Ndiyo Mama, limo sandukuni," jibu ambalo ni la kweli na bado ni uongo.

Nilimweleza Yoshinari. Akasema, "Sasa unalia nini? Yanauzwa mtandaoni yakiwa na mihuri yote. Tunalikunja vilevile, tunalirudisha."

"Na siku ya kumvika je?"

"Siku hiyo hatauliza."

Najua alitaka nicheke. Kila mwaka mvua zikiisha Mama huanika nguo zake zote za akiba, na wiki iliyopita, tukiwa mezani, alisema, "Jua likitoka tu mnisaidie, watoto wangu. Nataka nilitazame vazi langu, nisije nikakuta nondo wamenitangulia peponi." Yoshinari alipaliwa na supu. Mama akampiga mgongoni akisema, "Polepole, baba, hakuna anayekunyang'anya."

Nikimwambia, namvunjia kitu alichokipata kwa kutembea na goti lile. Nikinyamaza na kulibadilisha, nitakuwa namdanganya mpaka kaburini, na sijui nitamvika kwa mikono gani. Nifanye nini?

Mkwe wa Imabari

*

Binti yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye dirisha la mihuri, hapa hekaluni kwetu, mahali ninapokaa kila siku na mihuri na brashi yangu ya kuandika kwa sababu mume wangu, kuhani wa hekalu, ana maandishi mabaya. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi hii.

Kwanza futa machozi. Unadhani wewe ni wa kwanza? Majira ya kuchipua yaliyopita alikuja bwana mmoja na vazi lililomwagikiwa mchuzi wa kari. Mwingine la kwake lilitafunwa na mbwa, akaniletea mabaki katika mfuko wa dukani akiuliza kama Daishi, mwalimu tunayemfuata katika njia hii, atamtambua. Nilimwambia Daishi ameona mbwa wengi.

Sasa nikugombeze. Mpimaji wa rangi hakunjui nguo kabla ya kuifua? Ungekuwa mkwe wangu ningekutania kwa hilo mpaka nife, na yeye pia atakutania, jiandae. Kosa la mashine lakini ni dogo. Lile la jioni, "limo sandukuni," ndilo linalokunyima usingizi, na hilo halina dawa ila moja.

Kuhusu mumeo: ni mtu mwema na wazo lake ni baya. Vazi linalouzwa likiwa na mihuri yote limebeba miguu ya mtu mwingine, au halina miguu ya mtu yeyote. Mama aliyepanda ngazi zile zote kwa goti bovu mtamvisha safari ya kununua? Akifa hatauliza, ni kweli. Wewe ndiye utakayejiuliza, kila asubuhi utakapomwekea wali wake.

Sikiliza jambo ambalo mtu asiyetembea njia hii huenda halijui. Anayerudi mara ya pili hatumpi ukurasa mpya katika daftari lake la mihuri. Tunagonga muhuri juu ya muhuri. Kuna wazee huja hapa na madaftari mekundu kurasa nzima, herufi hazisomeki tena, na wenzao huinamisha vichwa kuyaona. Vazi la Mama lililochujuka linapokea mihuri kama kawaida. Mimi mwenyewe nitaligonga.

Basi, fanya hivi. Usingoje mvua ikatike. Usimwache alikute uani mbele ya majirani. Kesho asubuhi, wali ukishawekwa madhabahuni, kaa chini, mpe vazi mkononi mwake na useme: "Mama, nililifua mwezi wa tatu na nikakuficha." Maneno hayo tu. Usimtaje Yoshinari, usiieleze sabuni. Kisha nyamaza, kama alivyokufundisha. Akikasirika, ana haki. Akilia, kaa hapo hapo, usikimbilie kupika chai.

Akitulia, mwambie gari lipo la kuzunguka mahekalu upya. Yoshinari mwenye mawazo mengi apewe usukani, Jumapili baada ya Jumapili, bila haraka. Penye ngazi ndefu Mama abaki chini na maji yake, wewe upande na vazi, uimbe sala kwa niaba yake kabla ya kuja dirishani. Akisema hataki, kwamba atavaa madoa yake ya waridi hivyo hivyo, mwachie. Ni jeneza lake. Lakini nawajua wanawake waliotembea njia hii. Ukimtajia gari, kabla hujamaliza atakuwa anatafuta kofia yake ya hija.

Jambo la mwisho. Umeishi miaka yote hiyo na mtu wa hija na hukuniandikia popote kwamba wewe umewahi kwenda. Katika duka la hekalu la kwanza, nunua vazi jeupe la saizi yako. Tutayagonga mawili kwa pamoja.

Mama Chizuru