Kibao Chekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa chini! Majina ya timu ya mashindano ya mahakama ya mfano yamebandikwa leo mlangoni kwa mwalimu, langu halipo. Miezi mitatu nimeandika hoja zote, kurasa thelathini na nane, mwenzangu akiniletea chai na kunisifia. Chuo kizima tunamwita Msomi – cheo alijipa mwenyewe tangu mwaka wa kwanza. Kumbe alipita kwa mwalimu nyuma yangu. Eti mimi nina hasira, nitamjibu jaji ovyo, nitawaponza.

Nimemuuliza usoni. Kasema ni kwa faida ya chuo, nisichukulie moyoni. Kanikata maini kabisa.

Na tuzo ya mzungumzaji bora mwaka huu ni mwaka mzima wa mafunzo kwenye ile ofisi ya mawakili iliyonikataa mara mbili. Nafasi moja tu. Anaikimbilia kwa maneno yangu!

Jumanne, 4 Machi

Mama ni fundi cherehani. Koti langu jeusi la kusimamia mbele ya majaji lilishabaki kutiwa vifungo tu. Nimemwambia yaliyonipata. Kakata uzi kwa meno, kauliza huyo kijana ana mama? Nikasema anaye. Kasema basi kamfunza nini. Akaendelea kushona vifungo.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu kaniita. Fainali iko hapa kwetu, na wenyeji ndio hutoa mtunza muda. Nimepewa mimi! Nitakaa meza ya mbele, chini ya majaji, na saa ya kuhesabia na vibao vitatu. Cha kijani: zimebaki dakika tano. Cha njano: imebaki moja. Chekundu: muda umekwisha, funga mdomo ukakae. Kila mzungumzaji ana dakika ishirini. Anadhani ananifuta machozi.

"Sawa, mwalimu." Kwa sauti laini mpaka nikajishangaa.

Msomi havai saa. Akisimama pale hutazama vibao tu. Basi chekundu kitapanda dakika ya kumi na saba, katikati ya sentensi yake tamu. Atanikoma.

Nimefanya mazoezi na mifuniko ya sufuria mbele ya kioo. Mama kapita, katazama, kaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa kwenye mazoezi yao. Kesi yenyewe: mwenye nyumba kamkatia mpangaji umeme miezi sita, mpangaji kanyamaza. Hoja ya tatu, ile ninayojivunia, inasema kunyamaza si kukubali. Nakala ya Msomi ilikuwa wazi mezani – aya ya mwisho kaichora msalaba, pembeni kaandika "ndefu mno".

Ndefu! Aya hiyo ndiyo roho ya hoja. Mpangaji hakulalamika kwa sababu wa kumlalamikia ni huyohuyo aliyeshika swichi. Jaji yeyote mwenye akili ataulizia hapo.

Nimwambie? Ng'o.

Jumatano, 12 Machi

Kaniuliza kama bado nimemnunia. Nimecheka. Nimecheka vizuri, kaamini.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa mezani, majaji wametoka kujumlisha alama. Watu wanadhani naandika kumbukumbu za muda. Koti nimelivaa. Mama yuko safu ya tatu.

Dakika ya kumi na saba mkono wangu ulishakigusa chekundu. Ndipo jaji wa katikati, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akamkatiza Msomi: kama kunyamaza si kukubali, kwa nini mpangaji hakusema neno miezi yote sita?

Loo! Macho yalimtoka pima. Akapekua karatasi. Akarudia swali. Akanywa maji. Dakika ya kumi na tisa nikapandisha cha njano kama kawaida, nikaona roho yake inarudi. Akawa ananitazama mimi tu. Nikaelewa – alikuwa anakitaka chekundu! Kikipanda, swali linakufa, anakwenda kukaa zake.

Nikakilaza kifudifudi. Ishirini ikafika, nikaiacha ipite. Ishirini na nusu. Raha niliyoisikia, acha tu! Jaji akanigeukia: mtunza muda, bado ana muda? Nikasema, "Anao, Mheshimiwa Jaji."

Sasa ona alichofanya. Kaweka karatasi chini, mkono kifuani: hoja hii kaiandika kwa mkono wake mwenyewe, lakini hapo anakiri, jibu hana. Ukumbi mzima makofi! Jaji katabasamu, kasema mawakili wakweli wamekuwa adimu. Mkweli! Kwa mkono wake! Ilishatimia ishirini na mbili. Nilikipandisha chekundu kwa hasira hadi glasi ikaanguka.

Timu ya wageni imelalamika. Walipima kwa simu, wanasema kazidisha. Katibu wa mashindano kaniletea fomu, kaninong'oneza kwamba Msomi anaongoza tuzo kwa alama moja, ila anayezidisha hata dakika moja anafutwa. Simu za watu hazihesabiwi. Linalohesabiwa ni neno la mtunza muda. Nijaze dakika alizotumia, kwa tarakimu, niweke saini.

Ishirini – nafasi inakuwa yake. Ishirini na mbili – anafutwa, na mimi niliyemwambia jaji anao muda naenda kamati ya nidhamu, pengine shahada yenyewe nisiione. Mwaka wangu wa mwisho! Mama kanipungia mkono. Hajui lolote.

Na huyu hapa kaja kuinamia meza yangu, daftari nalifunika kwa kiganja. Anadhani nimembeba! Kaniita dada yake. Kasema asante, zile dakika nilizomwongezea ndizo zilizomwokoa, hatasahau. Niweke ishirini, yaishe. Halafu eti, ule ukweli alioutoa mwishoni nimeuonaje?

Katibu anagonga meza kwa funguo zake, majaji wanarudi. Tarakimu ya kwanza nimeshaandika: mbili. Hiyo haina ubishi. Msomi bado kainama, ananukia marashi, anatabasamu, anasubiri ya pili. Nairudisha kalamu kwenye fomu.